Sauti inatoka sikio moja? Usimwite mgeni arekodi tena

Kila mara kuna mtu ananitumia faili WhatsApp na swali lilelile, kaka hebu sikiliza hii, mbona inatoka upande mmoja? Mara mawaidha, mara mahojiano ya podikasti, mara kwaya ya huko Mbagala iliyorekodiwa kwa kuchomeka waya kwenye miksa ya kanisani. Na wengi wanakuja wameshakata tamaa, wanataka kumpigia mgeni simu arudi waanze upya. Jamani msimsumbue mtoto wa watu, sauti ipo nzima, imekaa chaneli moja tu basi.

Wengine wanasema aah si inasikika lakini, iache. Hapana bwana. Hapa Dar nani anasikiliza kwa masikio yote mawili? Kwenye daladala mtu anavaa upande mmoja, sikio lingine linamsubiri konda ataje kituo asije akapitilizwa, au anagawana hedifoni na mwenzie, au ni zile za bei chee za Kariakoo ambazo upande mmoja ulishakufa kitambo. Akiangukia upande usio na kitu anajua podikasti yako mbovu, anafunga. Na wewe hukugundua maana ulijaribu kwa simu yenye spika moja, chaneli zote zikachanganywa zikatokea palepale, ukaona mambo fresh.

Mimi natumia Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuhariri sauti, ipo bure tangu ilipotoka mwaka 2000 kwahiyo huna sababu ya kutafuta kraki kwenye flashi za watu zilizojaa virusi. Fungua faili, utaona mawimbi mawili, la juu kushoto, la chini kulia. Kama la juu lina milima na la chini ni mstari umenyooka, ushampata mgonjwa. Bofya jina la trak pale pembeni, menyu ikifunguka chagua Split Stereo to Mono (stereo ni chaneli mbili, mono ni moja), zitatoka trak mbili, ile tupu ifute kwa alama ya X, inayobaki itasikika masikio yote kwa nguvu yake ileile. Ukiekspoti chagua mono. Imeisha hiyo. Tena WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ya kawaida ya stereo inakula kama MB 10 kwa dakika, ya mono nusu yake, bando linapumua.

Ila angalia usibofye jirani yake, Split Stereo Track. Majina yanakaribiana lakini hiyo inagawa halafu inaziacha trak zimesukumwa, moja kushoto kabisa nyingine kulia kabisa, sasa unafuta ile tupu na iliyobaki bado inaimba sikio moja, unabaki unajiuliza umerogwa au vipi. Ikitokea hivyo vuta kile kitelezi cha L na R mpaka katikati, basi.

Halafu kuna wale wa nenda Mix Stereo Down to Mono, utawakuta kila sehemu. Inafanya kazi, sikatai, lakini kwa hali hii siipendi hata kidogo. Ile inachukua wastani wa chaneli mbili, yaani sauti jumlisha sifuri gawanya kwa mbili, unapoteza desibeli 6 hivi hivi. Utaniambia si naongeza kwa Amplify? Sawa ongeza, lakini hiyo chaneli tunayoiita tupu mara nyingi sio tupu, ikuze uiangalie kwa karibu utakuta kamtetemo fulani, ule muungurumo wa umeme wa hezi 50 uliojipenyeza kwenye waya. Ukichanganya umeukaribisha ndani, ukiongeza sauti na wenyewe unapanda. Kwa nini ujitafutie kesi wakati ulikuwa unaufuta kwa X moja?

Kuna wakati pia upande mmoja sio ugonjwa. Intafesi, vile vifaa vya kuunganisha maiki na kompyuta, zenye matundu mawili kwa kawaida zinapeleka maiki ya tundu la kwanza kushoto na ya pili kulia, sasa kama mtangazaji alikuwa kwenye moja na mgeni kwenye nyingine hiyo ni dhahabu, usifute kitu. Igawe vilevile kuwa mono, kila mtu na trak yake, mmoja akikohoa wakati mwenzie anaongea unamnyamazisha peke yake.

Faili la ile kwaya lenyewe lilikuwa jingine kabisa. Mawimbi yote mawili yapo, yamejaa vizuri, kwenye hedifoni sauti inasikika kama iko nje ya kichwa, ukiweka kwenye simu ya spika moja, kimya! Hapo XLR ya miksa, ule waya wa pini tatu, imeingizwa kwenye pini ndogo ya stereo. Ile XLR inabeba sauti ileile kwa njia mbili, moja imepinduliwa, sasa kinasa sauti kikadhani ni kushoto na kulia. Kuza mpaka uone wimbi mojamoja, juu pana mlima, chini palepale pana bonde. Zikikutana zinauana. Hii usiipeleke kabisa kwenye Mix Stereo Down to Mono, itabaki hewa. Gawa, futa mojawapo, yoyote unayotaka.

Kama ndio unaanza kurekodi na una maiki moja, weka Audacity irekodi mono tangu mwanzo. Na hiyo pini ya maiki iangalie, hesabu vile vimstari vyeusi. Kikiwa kimoja ni pini ya mono, ukiichomeka kwenye tundu la stereo unapata kushoto tu, kulia panakufa, kwahiyo ukienda dukani usiseme tu nipe waya wa maiki, mwambie muuzaji tundu lako ni la aina gani au beba kifaa chenyewe mkijaribu palepale kabla hujalipa.