Nilivyoandika mpango wa data wa mradi wetu wa mto

Mfadhili akikudai mpango wa usimamizi wa data, yaani maelezo ya jinsi data zitakavyokusanywa, kutunzwa na kugawiwa wengine, hapa Nairobi utapewa ushauri uleule kila upande: tafuta wa mwenzako, badilisha jina la mradi, tuma, hakuna anayesoma. Nami niliambiwa hivyo na mtu ninayemheshimu, na bado ushauri huo unaniudhi. Ndio unaofanya vipimo vya mito yetu vipotee kila mradi unapofungwa, wengine waje kuanza upya palepale.

Huo mpango niliopewa ninakili ulisema data “zitahifadhiwa mahali salama” na watu “watagawiwa ipasavyo”. Mahali gani? Watu gani, na lini? Nikaurudisha.

Sisi tunapima maji ya Mto Nairobi, kuanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu unakochipuka hadi kupita Dandora, na tunawahoji wanaoishi kando yake. Badala ya kujaza fomu ya mfadhili, niliamua kuchukua namba moja tu na kuifuata kutoka majini hadi kwenye jedwali la mwisho.

Tukasimama darajani Gikomba. Msaidizi wetu akachovya kipima oksijeni, akangoja namba itulie, akaandika 1.8 daftarini. Nikamuuliza kama ni miligramu kwa lita au asilimia. “Ni miligramu, dada. Ukitaka asilimia unabonyeza hapa.” Yeye alijua, lakini daftari halikusema. Nikauliza kifaa kimewekwa mwinuko gani. Akafungua menyu: sifuri, yaani usawa wa bahari, kama kilivyotoka dukani. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Maji ya nyuzi 20 yaliyoshiba oksijeni huwa na kama miligramu 9.1 kwa lita kule pwani. Huku kwetu ni kama 7.5. Kifaa kikisawazishwa kikidhani kiko Mombasa, kinaupa mto oksijeni ambayo hauna, na mto huu hauna ya kupewa bure!

Namba ikaendelea na safari. Ukurasa ulipigwa picha, ukatumwa WhatsApp, picha ikapunguzwa ubora, 1 ikaanza kufanana na 7. Mwanafunzi aliyekuwa akiingiza kwenye Excel alipoandika 04/07, kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Kimarekani ikaisoma kuwa tarehe 7 Aprili. Hapo nikawa na mpango wangu: kila mahali namba ilipoweza kuharibika, niliandika sentensi moja ya nani atafanya nini.

Tarehe zinaanza na mwaka, 2024-07-04, kama ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, inavyotaka. Mwinuko na saa ya kusawazisha kifaa vinaandikwa kabla ya kipimo cha kwanza. Picha za WhatsApp tuliziacha. Tunajaza fomu ya KoboToolbox, programu ya kukusanyia data, kwenye simu, ambayo hufanya kazi hata pasipo mtandao, na haikuruhusu kuendelea kama hujachagua miligramu au asilimia. Daftari linabaki, maana simu huzima. Maabara ikisema metali iko chini ya kiwango wanachoweza kukiona, usiandike 0 wala usiache wazi: andika “chini ya” na kiwango chenyewe. Na sehemu zote za kuchukulia sampuli zinaandikwa kwa WGS84, mfumo wa kuratibu mahali unaotumiwa na GPS. Ramani zetu za zamani zilitumia mfumo mwingine, Arc 1960, na ukiichanganya sehemu yako inahama mita mia kadhaa, ujikute umepima uani kwa mtu.

Mahojiano nayo ni habari nyingine. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, haikuondolei Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na chini ya sheria hiyo habari za afya ya mtu ni nyeti. Mama akikueleza watoto wake wameugua tumbo, jina lake na mahali nyumba ilipo havikai faili moja na majibu yake. Tunampa namba ya siri, na orodha inayounganisha namba na majina iko kwenye faili yenye nenosiri kwa mkuu wa mradi peke yake. Tukichapisha, tunataja mtaa, si nyumba. Waeleze hivyo kabla hawajakubali kuhojiwa.

Nilipomaliza, nilimpa mpango mwenzangu wa ofisi nyingine asiyejua lolote kuhusu mto. Nikamwomba achore grafu ya oksijeni ya Gikomba bila kunipigia simu. Alikwama kwenye majina ya safu, tukaongeza faili fupi ya maelezo, akachora. Nilifurahi mno.

Bajeti usiionee haya. Diski mbili za nje, moja ikae jengo lingine, ni elfu kadhaa tu. Ghali ni mtu wa kusafisha data. Nilimwekea mshahara wa sehemu ya siku zake, tena bila kuficha.

Mfadhili alirudi na swali moja: nani atatunza data mradi ukiisha? Nikamjibu kwamba tutaziweka Zenodo, hifadhi ya data ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ambako kuhifadhi ni bure hadi GB 50 kwa kila rekodi, na kila rekodi hupata DOI yake, namba ya kudumu ya kuitambulisha. Tutatumia leseni ya CC BY 4.0, inayomruhusu yeyote kuzitumia mradi atutaje, ila orodha ya majina haitoki ofisini kwa mkuu wa mradi. Akatia sahihi.