Mwalimu na Kitabu cha Wajawazito

Mwaka 2016 nilikuwa nasimamia kompyuta katika maktaba moja mjini Kakamega iliyokuwa na wenyewe wawili. Upande wa kushoto ulikuwa wa umma, wa kulia ulikuwa wa chuo. Katikati hapakuwa na ukuta. Mlango mmoja, seva moja, fundi mmoja. Mkataba wa ushirikiano ulikuwa mnene: ulisema nani atamlipa bawabu, nani atanunua sabuni ya choo, bili ya stima itagawanywa vipi. Kuhusu vitabu vyenyewe vitajulikanaje ndani ya kompyuta, haukuwa na hata sentensi moja.

Vurugu za kila siku nilikuwa nimezizoea. Wanafunzi wa chuo walitaka kukalia mashine toka asubuhi hadi jioni, watu wa mjini walitaka nusu saa tu wajaze fomu ya mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na nenosiri la Wi-Fi, hata nilibadilishe vipi, lilifika stendi ya boda boda kabla ya saa sita. Hilo la Mwalimu ndilo lililonitoa jasho.

Katalogi zilikuwa mbili, tukaamua kuziunganisha. Tulichagua Koha, programu iliyoundwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ambazo zilihofia mfumo wao wa zamani ungegoma mwaka 2000 ukiingia. Haina ada ya leseni, na nadhani hiyo ndiyo sababu wakubwa wa pande zote mbili waliipitisha bila kubishana. Kazi ya kuhamisha data ilipewa wakandarasi kutoka Nairobi. Walikuja, wakapakia rekodi za chuo, wakapakia za umma, wakatuonyesha skrini inayong'aa, wakalipwa, wakaenda. Jumatatu tukafungua.

Kabla ya chakula cha mchana akaingia Mwalimu. Jina lake silitaji, na hata sisi hatukulitumia. Alikuwa amestaafu ualimu zamani, mjini kote ni Mwalimu tu. Alikuja kurudisha kitabu cha ufugaji wa kuku. Msichana wa dawati akapitisha skana juu ya bakodi, akatazama skrini, akatazama jalada lenye picha ya jogoo, akatazama skrini tena.

"Mwalimu," akasema polepole, "hiki ni cha kuku. Kompyuta inasema ulichukua cha wajawazito."

"Cha nani?"

"Cha mama wajawazito na watoto wachanga. Tena umepitisha tarehe."

Nyuma kwenye foleni mtu akasema, "Kumbe Mwalimu bado yumo!" na chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alivua kofia, akaiweka juu ya dawati, akasema hatatoka humo ndani mpaka jina lake lisafishwe.

Nikaitwa. Nilikichukua kile kitabu cha kuku, kibandiko kinasoma 03127. Nikaenda rafu za chuo, kwenye vitabu vya kozi ya malezi ya watoto, nikatafuta cha wajawazito. Kilikuwepo, hakijaguswa, na kibandiko chake kinasoma 03127. Nikaviweka viwili hivyo sambamba mbele ya Mwalimu. Akavaa miwani, akasoma nambari zote mbili kwa sauti, tarakimu moja moja, ili wale waliocheka wasikie.

Mambo yalikuwa hivi. Maktaba ya umma ilipoanza kusajili vitabu vyake, ilianza na moja. Chuo nacho, miaka mingi baadaye, kilianza na moja. Kila mmoja akiwa kwake hakuna tabu. Lakini Koha haikubali nakala mbili zenye bakodi moja. Ya pili ikija inaikataa na kuendelea na kazi kimyakimya. Kwa kuwa za chuo zilitangulia, nakala za umma zenye nambari zilezile zilitupwa nje, na wakandarasi walipoingiza orodha ya watu wenye vitabu, kila msomaji wa umma akaangukia kitabu cha chuo chenye nambari kama yake. Fundi seremala alikuwa "amechukua" sheria ya biashara. Mama mmoja wa kwaya alikuwa "amechukua" kitabu cha saketi za umeme. Ripoti ya upakiaji ilikuwa imeyaandika yote hayo, mstari baada ya mstari wa nakala zilizokataliwa, na nadhani hakuna aliyeifungua tangu itoke. Nikawapigia wakandarasi. Mteja hapatikani.

Mchana huo nikawaketisha wakutubi wawili pamoja. Wa umma alikuwa mama wa makamo aliyekaribia kustaafu, sote tulimwita Madam. Wa chuo alikuwa kijana, msomi, mwenye haraka. Nikawaeleza kwamba lazima nambari zibadilike. Swali likawa moja tu: za nani?

"Zangu haziguswi," Madam akasema. Akainuka, akarudi na daftari la usajili, kubwa kama kitabu cha nyimbo cha mimbarini, limeandikwa kwa wino na watu ambao wengine walikuwa wameshafariki. Kila nambari mle imepigwa muhuri pia kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chake. "Hizi ukizifuta, wakaguzi watakuja kuniuliza mimi."

Kijana naye akasema vitabu vya chuo ni vingi zaidi, vibandiko ni vipya, bajeti ya kuvichapisha tena hana. Wakati wanabishana, mvua ya Kakamega, ambayo haikosi miadi yake ya alasiri, ikashuka na radi zake. Stima ikapotea. Betri ya akiba ikaanza kulia pi-pi-pi, nikawaacha nikakimbia kuizima seva taratibu kabla hifadhidata haijakatika katikati ya kazi. Niliporudi walikuwa bado pale, gizani, wanabishana.

Nikawaambia hatufuti nambari ya mtu. Tutaweka herufi mbele, kila upande yake. A na B? Hapana, hakuna aliyekubali kuwa B. Tukaishia kwenye C ya chuo na U ya umma. Kuna watakaosema mambo ya namna hiyo ni utoto. Mimi naona kama tungewalazimisha B, ule mfumo usingemaliza mwaka.

Ndani ya kompyuta ilikuwa kazi nyepesi: nikachukua nakala ya hifadhidata yote kwanza, nikaongeza C kwenye bakodi zote za chuo kwa amri moja, kisha nikapakia upya zile za umma zikiwa na U. Vibandiko ndivyo vilivyokuwa mlima. Hatukuwa na pesa za kuvichapa upya, nikasoma kijitabu cha skana nikaona inaweza kufundishwa kutanguliza herufi kabla ya nambari inayosoma. Skana ya dawati la kulia ikafundishwa C, ya kushoto U. Vitabu vya chuo tukavifunga utepe mwekundu mgongoni, ili mtu akirudisha upande usio wake aonekane kabla skana haijamsingizia.

Na nani alikuwa na kitabu gani kwa kweli? Hilo lilitatuliwa na Madam. Wakandarasi walikuwa wamemwambia atupe kadi zake za karatasi, yeye akazifungia kabatini. Tuliziingiza moja moja, yeye akisoma, mimi nikiandika. Mwalimu alikuwa wa kwanza kusafishwa, mbele ya mashahidi, kama alivyotaka.

Miezi michache baadaye akaja dawatini, akaniita pembeni. "Kijana, kile kitabu mlichonisingizia. Kipo?"

Kipo. Nilipojaribu kumwandikia, Koha ikagoma: kwa kanuni za uazimaji, mwanachama wa umma anaruhusiwa vitabu sifuri katika vile vya kozi za chuo. Ningeweza kuibadilisha sifuri ile ikawa moja, lakini kanuni haikuwa yangu. Nikamfuata kijana wa chuo, akasema kitabu hakitoki nje, Mwalimu akae akisome humu humu.

"Mimi sikisomi," Mwalimu akasema, na safari hii yeye ndiye aliyeshusha sauti. "Nyumbani kuna mkwe, mimba ya kwanza, na mimi siwezi kumtajia mambo hayo. Ni mama yao asome, amweleze."

Jumatano akamleta mama yao. Nikamfungulia kadi, nikampiga picha, nikamletea kitabu mezani. Alipofika sehemu ya kunyonyesha akaniuliza kopi ni shilingi ngapi. Tano kwa ukurasa, nikamjibu, ila mashine ni ya chuo, kwa hiyo pesa alipe upande wa kulia.