Jinsi tulivyomwahisha Baba Paroko kwa wagonjwa wetu

Huku kwetu Kibosho, Kilimanjaro, ukimtajia mtu padri wakati ana mgonjwa ndani, anashtuka. "Bado hajafikia hapo," ndugu wanajibu, kama umewatajia jeneza. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya Wakatoliki, ya majirani wanaosali pamoja, na jibu hilo nimelipokea kwenye nyumba ambazo siku chache baadaye tumeenda kuzika. Paroko, padri mkuu wa parokia, anakuja kuitwa usiku wa manane, anapanda mlima na pikipiki kwenye utelezi, anamkuta mgonjwa hajitambui. Kuungama hawezi tena, wala kumeza hata kipande cha hostia, mkate wa Komunyo.

Liliniuma sana, kwa sababu ratiba ya padri wetu naijua. Jumapili, Misa ya alfajiri parokiani, kisha vigangoni, kwenye makanisa madogo ya parokia. Sheria ya Kanisa inaruhusu padri mmoja kuadhimisha hadi Misa tatu Jumapili panapokuwa na uhitaji, na wa kwetu mara nyingi anazimaliza zote. Jumamosi ni ndoa. Katikati ya wiki ni mazishi, maana Wachaga tunazika kihambani, kwenye shamba la ukoo. Hata aliyefia Dar es Salaam analetwa nyumbani. Bado kuna mafundisho, wachumba, kamati ya ujenzi na watu wa vyeti vya ubatizo ofisini. Mtu wa namna hiyo atajuaje kwamba bibi fulani hajatoka kitandani tangu Kwaresima, kama hakuna aliyemwambia?

Nikaanza na daftari. Kila jumuiya inapokutana, tukimaliza sala nauliza nani ana mgonjwa, nani ana mzee asiyeweza kufika kanisani, nani anakwenda kupasuliwa. Naandika jina, njia ya kufika, kama anasikia, kama anameza, kama anataka kuungama. Na kama ndoa yake ni ya kanisani. Hili nauliza faraghani, kwa staha. Lina maana kubwa, kwa sababu anayeishi na mwenza bila ndoa hiyo kwa kawaida hapewi Komunyo. Kuna mzee aliyekuwa ameishi na mkewe tangu ujana bila kufunga ndoa, wajukuu wamejaa. Kwa kuwa Paroko alipata habari mapema, aliwaandaa polepole, na ndoa ikafungwa pale pale sebuleni, bibi arusi akiwa na kanga mpya.

Daftari tulilipeleka parokiani mimi na katekista wa kigango. Paroko alilisoma lote, akatutengea Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi kuwatembelea wagonjwa.

Ugumu ulibaki kwa ndugu. Paroko alifundisha kwenye mahubiri kwamba mpako wa wagonjwa, sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta, si wa wanaokata roho peke yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilisema hilo, na mwaka 1972 Papa Paulo VI akaidhinisha adhimisho jipya: anapakwa anayeugua sana, mzee aliyedhoofika, anayekwenda kwenye upasuaji mkubwa, na hali ikizidi anapakwa tena. Watu walisikia, lakini walishawishika zaidi na mama mmoja aliyepakwa kabla ya upasuaji katika hospitali ya KCMC, Moshi. Aliporudi alisimama kwenye jumuiya akasema, "Nilipakwa, na mimi huyu hapa."

Kizuizi kingine sikukitegemea: chakula. Familia nyingine zilimficha mgonjwa kwa aibu ya kukosa cha kumpa padri, wala bahasha. Paroko akatangaza kwamba siku hiyo hatakula katika nyumba yoyote na hatapokea kitu. Naomba kila parokia iliseme hili wazi wazi, kwa sababu maskini hawaulizi, wananyamaza tu.

Kwa hiyo maandalizi ni madogo: meza, kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa, maji ya baraka na pamba ya kufutia mafuta. Nyumba ya babu mmoja nimeikumbuka hasa. Paroko aliingia na "Tumsifu Yesu Kristo", na babu, ambaye tulidhani hasikii, akaitikia kwa sauti, "Milele na milele, amina." Tukatoka wote ili aungame, tukasimama kwenye migomba. Tuliporudi, Paroko alimwekea mikono kichwani kimya, kisha akampaka kwenye paji la uso mafuta aliyoyabariki askofu katika Misa ya Krisma. Ikabaki mikono. Vidole vya babu vimekakamaa kwa jembe, havifunguki. Paroko alipiga magoti, akavinyoosha kimoja kimoja mpaka viganja vikaonekana, ndipo akapaka. Mtoto wake wa kiume, ambaye ndiye aliyetukatalia mara ya kwanza, alilia.

Kuungamisha na kupaka mafuta ni kazi ya padri peke yake. Komunyo hupelekwa pia na wahudumu wa Ekaristi walioteuliwa, kila Jumapili baada ya Misa, na mgonjwa hafungwi na ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo. Kwa hiyo Ijumaa ya Paroko inabaki kwa wanaomhitaji yeye hasa. Wakati wa masika vijana wanampokea barabarani, wanapanda naye kwa miguu.

Ninaowapoteza bado ni wazee wanaochukuliwa na watoto wao mjini. Sasa naomba namba ya simu kabla hawajaondoka, na Paroko anampigia mwenzake wa huko. Mama mmoja yuko Njiro, Arusha. Padri wa huko ameshamtembelea.