Jamani tusisubiri msiba ndo tukutane

Mwezi wa tatu mwaka jana tulimzika mjomba wetu Morogoro. Siku ya tatu baada ya maziko tumekaa uani kwenye majamvi, masufuria yanaoshwa, wengine washaanza kuulizana habari za mabasi ya kurudi, akaja binti mmoja mrefu akapiga goti kidogo, shikamoo mama. Marahaba mwanangu, we mtoto wa nani? Akanitajia mama yake na mi nikakosa la kusema, kwasababu mama yake ni binamu yangu wa damu kabisa, tena yule tuliyekuwa tunalala kitanda kimoja likizo zote za shule ya msingi, tunagombania shuka. Binti yuko kidato cha pili. Mara ya mwisho nilimwona amebebwa mgongoni, na hiyo ilikuwa kwenye msiba mwingine.

Jioni yake mama mkubwa akasema ile sentensi ambayo naamini inasemwa kwenye kila msiba nchi hii: "Jamani tusiwe tunakutana misibani tu." Tukaitikia wote, kweli mama, kweli kabisa. Tunaitikiaga hivohivo kila mara alafu tunapanda mabasi, tunarudi kwenye grupu la wasapu kutumiana maua ya asubuhi njema na namba za kutuma mchango, mpaka afe mwingine.

Safari hii nikiwa njiani kurudi Dar lile neno likanikaa. Sisi ni Waluguru, kwetu mjomba ndo mwenye neno kwenye ukoo, na huyu mjomba tuliyemzika nilikuwa nimekaa naye kwa kutulia, yani kukaa tu bila shughuli, sijui mara ngapi ndani ya miaka kumi. Nilijaribu kuhesabu nikafika mara mbili. Nilikuwa namtumia hela, nilikuwa nampigia sikukuu, nilikuwa najiona nimetimiza.

Nikampigia mdogo wangu na huyo binamu, tukakubaliana jambo moja dogo: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, anayeweza anaenda kwa bibi. Bibi mzaa mama bado yupo, anaishi palepale Moro, milima ya Uluguru unaiona ukiwa umekaa uani kwake. Sharti letu ni moja tu, hakuna ajenda. Hakuna mwenyekiti, hakuna mweka hazina, hakuna daftari. Nadhani mnanielewa kwanini, maana kukutana kwetu siku hizi kote kuna daftari, kikao cha harusi, sendofu, kipaimara, arobaini, mtu akisikia "familia tukutane" anashika pochi kwanza. Kila mtu aje na kitu cha kupika basi, mwenye mchele mchele, mwenye nyanya nyanya, asiyenacho aje na mikono.

Treni nayo imesaidia sana kwakweli. Zamani basi mpaka Moro unaweka masaa manne na foleni ya kutokea Kimara mpaka Mlandizi juu, ukifika umechoka unawaza kurudi. Tangu treni ya umeme ianze Juni 2024 ni chini ya masaa mawili, tunaondoka asubuhi tunarudi usiku na Jumatatu watu wako kazini.

Sasa niwaambie ukweli, Jumapili ya kwanza ilikuwa ngumu. Tulisalimiana, tukaulizana afya, tukaulizana watoto, tukaulizana kazi, nusu saa maneno yakaisha. Kila mtu akatoa simu, tivii inaongea peke yake. Nikawaza labda hatujuani tena, labda tumeshachelewa.

Bibi ndo alituokoa. Akatoka nyuma na furushi la majani ya mihogo akalimwaga katikati ya jamvi, akasema "kisamvu hicho, na we mke mwenzangu weka hiyo simu." (Ananiita mke mwenzake tangu nazaliwa, ndo bibi na mjukuu, sisi hatuishi bila utani.) Basi tukakaa kuzunguka, unachagua majani machanga, unakata kikonyo, unatupa kwenye ungo, yaliyokomaa unayaweka pembeni maana yatakuwa magumu. Watu saba tumeinamisha vichwa. Na maneno yakaanza kuja yenyewe. Binamu akakumbuka siku tulivyoiba karanga za kisamvu tukachapwa wote, mdogo wangu akasema yeye hakula akachapwa bure, bibi akasema "ulikula wewe, mdomo ulikuwa na maganda". Tukacheka. Kisamvu kikatwangwa kwa zamu, kikaingia jikoni na nazi na karanga, tumekuja kula saa kumi na moja na hakuna aliyeuliza mbona chakula kimechelewa.

Nimekuja kugundua kitu baada ya miezi kadhaa na ndo kilichonifanya niandike hapa. Maneno ya kweli hayaji kwenye salamu, hayaji kwenye simu, na hata mkikaa pamoja hayaji saa ya kwanza. Yanakuja saa ya tatu au ya nne, mkiwa mmeshamaliza habari zote, mikono ina kazi ndogondogo na hakuna anayemwangalia mwenzake usoni.

Mdogo wangu wa kiume. Kwenye grupu ndo mchangamfu kuliko wote, ukimuuliza vipi bro anajibu poa sana dada, na dole gumba. Mwezi wa saba tulikuwa nyuma ya nyumba mimi na yeye tunasugua masufuria kwa majivu na steelwire, masizi yameganda kwelikweli, akaniambia huku anaendelea kusugua, "dada, mi kazini nilishatoka."

Lini?

"Mwezi wa kumi na moja."

Jamani, mwezi wa kumi na moja mpaka wa saba ni miezi minane. Miezi minane mtoto wa mama yangu anaamka asubuhi anavaa anatoka ili wapangaji wenzake wasijue, na mimi ninaye kwenye simu kila siku. Kwenye msiba wa mjomba alichanga elfu hamsini, aliikopa. Sikusema kitu, niliogopa nikisema neno baya atafunga mdomo, nikaendelea kusuuza tu na machozi yananitoka na yeye anajifanya haoni. Baadae ndo nikamwomba ruhusa nimwambie binamu, na binamu ana duka la vifaa vya ujenzi pale Msamvu, alikuwa anahangaika na mtu wa stoo anayemwibia. Leo mdogo wangu yuko pale anashika stoo. Mshahara sio ule wa zamani ila analala.

Najiuliza mara nyingi, tusingekuwa na yale masufuria angenambia lini?

Na bibi vilevile. Bibi ana presha, dawa tunanunua sisi wajukuu kwa zamu, na kila tukimpigia "bibi dawa unakunywa?" "nakunywa mwanangu". Ni kweli alikuwa anakunywa. Ila binamu aliingia chumbani kwake kutafuta kanga akaona pakiti za miezi iliyopita hazijaisha, kumbe anakunywa leo anaruka kesho, anazibania zisiishe haraka ili asitusumbue na hela. Dawa ya presha ni ya kila siku! Tukakaa naye tukamweleza taratibu, na yule binti wa kidato cha pili ndo kapewa kazi ya kupita kwa bibi akitoka shule kuhesabu vidonge. Wanapendana sasa hivi hao wawili huwezi kuwatenganisha, na mwaka juzi hawakuwa wanajuana vizuri.

Nikaanza kusoma soma kuhusu haya mambo. Kuna utafiti wa chuo cha Harvard kule Marekani ulianza mwaka 1938, walichukua wanaume 724, wengine wanafunzi wa chuo hichohicho na wengine vijana wa mitaa ya maskini ya Boston, wakawafuatilia maisha yao yote, damu wanapima, mahojiano nyumbani, mpaka wake zao na watoto wao wakaja kuingizwa, na mpaka leo unaendelea. Anayeusimamia sasa anaitwa Robert Waldinger. Walichokuta ni kwamba waliokuwa na mahusiano mazuri na watu wao wakiwa na miaka 50 ndo waliokuja kuwa na afya nzuri wakifika 80, na hilo lilitabiri vizuri kuliko hata kipimo cha kolestro. Nimeisoma hiyo nikamuwaza bibi na pakiti zake, maana kwetu naona waziwazi jinsi moja linavyozaa jingine, mtu akiwa na watu karibu, kuna atakayeingia chumbani kutafuta kanga.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa ripoti mwaka 2025 likasema mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, na upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Zamani nikisikia upweke nilikuwa nawaza Ulaya, mzee peke yake kwenye ghorofa na paka. Sasa nikisikia hilo neno namwona mdogo wangu na dole gumba lake.

Watoto sijawasema. Mwanangu wa miaka tisa, mtoto wa Tabata huyo, bando likiisha nyumbani ni kesi, alikaa na baba yangu mdogo chini ya mwembe akafundishwa bao. Bao letu hili lina mashimo 32, safu nne za nane nane, kete 64, na kuna shimo moja linaitwa nyumba ambalo unalilinda kama roho. Baba mdogo hamfundishi kwa kueleza, anacheza tu, akiona mtoto anataka kukosea anakohoa. Mtoto kajua vikohozi vyote. Siku hizi kwenye treni anahesabu kwa vidole, "nikianzia hapa nitaishia pale, nitakula ngapi?" Na mahesabu shuleni sijui kama yamepanda, sijaangalia hilo, ninachojua ni kwamba ana babu yake mdogo anayempigia simu mwenyewe kumuuliza kama amefanya mazoezi, mtoto ana mzee wake mmoja wa kiume nje ya baba yake anayemjali, hilo kwangu ni kubwa.

Sio kwamba kila kitu kimenyooka. Kuna mama zangu wadogo wawili hawaongei kwa ajili ya shamba, wanakuja wote wawili, mmoja anakaa kwenye jamvi la mlangoni na mwingine anakaa jikoni na haohao ndo wanaotuvunja moyo wengine. Ila mwezi uliopita aliyeko jikoni alipakua sahani akamwambia mtoto "mpelekee mama yako mdogo pale, mwambie ale kabla haijapoa". Bado hawajasalimiana. Sahani ilirudi tupu, mimi nimeshukuru kwa hilo.

Na upande wa mume wangu ni Mbeya, huko hatuwezi kila mwezi, tunaenda Desemba na tunakaa siku nyingi badala ya kupitia tu. Kila mtu na umbali wake.

Kwa marafiki nimeanza hivohivo. Mashoga zangu wanne wa tangu chuo tulikuwa na kikoba, kila wiki mbili tunaonana, mtu angesema si mnaonana? Hapana, tulikuwa tunahesabu hela, zikishatimia kila mtu anakimbilia daladala. Tumekiacha kikoba kiendelee na siku zake, alafu Jumamosi moja ya mwezi tunaenda Coco Beach jioni kula mihogo na kachumbari na pilipili, tunakaa mchangani mpaka giza. Hatufanyi kitu chochote. Jumapili yake naamka nimepumzika kuliko nikilala siku nzima.

Nimalizie na binamu yetu mmoja aliyeko Muscat, anafanya kazi za ndani, ana mwaka wa tatu hajarudi. Tulikuwa tunampigia simu ya video, kila mtu anampungia, wawili watatu wanamuuliza hujambo, dakika tano kwisha. Siku moja akasema, naombeni msinikate, niwekeni tu hapo. Basi sasa hivi tukifika simu inaegemezwa dirishani na chupa ya chai nyuma yake isianguke, yeye kule anapiga pasi nguo za watu, sisi huku tunafanya yetu, hakuna anayemsemesha hasa. Mara nyingine anakaa kimya saa nzima mpaka tunamsahau. Jumapili iliyopita binti alikuwa ameshika mchi anatwanga, ghafla sauti ikatoka dirishani, "Huo mchi sio wa bibi, mchi wa bibi uko wapi?"

Kweli, wa bibi ulikuwa umevunjika Alhamisi. Bibi akanyanyuka na fimbo yake mpaka dirishani akauinua ule uliovunjika amuoneshe.