Medicare Sehemu ya D: ninavyopiga hesabu ya dawa kabla ya Desemba 7

Medicare ni bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee, hapa Marekani, na Sehemu ya D ni ile ya dawa. Wastaafu wengi huchagua mpango wa dawa kwa kutazama mchango wa mwezi, yaani ada ya bima, peke yake. Mimi naanza na jumla ya mwaka: fedha zote zitakazotoka mfukoni kuanzia Januari hadi Desemba, kwa dawa ninazotumia kweli na kwenye famasia ninayokwenda kweli.

Nazitoa chupa zote na kuzipanga mezani, kwa sababu kumbukumbu hudanganya. Kutoka kwenye lebo naandika jina kamili, nguvu kwa miligramu, kama ni kidonge au kapsuli, na idadi ninayomaliza kwa siku 30. Usione ni ushamba kuandika hivyo. Kwa mfano, dawa za moyo metoprolol tartrate na metoprolol succinate ni dawa mbili mbele ya bima, na zinaweza kupangwa madaraja mawili yenye bei tofauti. Ukiingiza isiyo yako, hesabu yote imeharibika.

Orodha hiyo naiingiza Medicare.gov, kwenye sehemu ya kulinganisha mipango, pamoja na famasia kadhaa za jirani. Famasia ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Mpango huwa na famasia unazozipendelea na nyingine unazozikubali tu, na kidonge kilekile huweza kuwa ghali zaidi kwenye hizo za pili.

Hesabu yenyewe huenda hivi. Tuseme dawa zako zina bei ya dola 240 kwa mwezi. Mpango wa kwanza hauna mchango, lakini una kiasi cha kujilipia mwanzoni cha dola 615, ambacho ndicho cha juu kinachoruhusiwa mwaka 2026, kisha unalipa asilimia 25. Bei ya mwaka ni dola 2,880. Ondoa 615, zinabaki 2,265. Robo yake ni kama 566. Jumla yako ni dola 1,181, tena Januari na Februari unalipa 240 kamili kila mwezi. Mpango wa pili una mchango wa dola 40, hauna kiasi cha mwanzoni, na unalipa dola 47 kila mwezi kwa dawa hizohizo: 480 na 564, jumla 1,044. Ule uliotangazwa kuwa wa bure ndio ghali.

Kuna ukomo pia. Mwaka 2026 ukishatimiza dola 2,100 za matumizi yako kwa dawa, hulipi tena hadi mwaka uishe. Lakini soma vizuri kinachohesabiwa: mchango wa mwezi haumo, wala dawa isiyo kwenye orodha ya mpango, wala dawa uliyonunua kwa kadi ya punguzo bila kupitisha bima. Insulini inayogharimiwa na mpango haizidi dola 35 kwa mwezi, hata kama hujamaliza kiasi cha mwanzoni.

Baada ya bei natazama herufi zilizo pembeni ya jina la dawa. PA maana yake daktari aombe idhini kwanza. ST ni kwamba lazima uanze na dawa nafuu, ikikushinda ndipo upewe hiyo. QL ni kikomo cha idadi. Hapa ndipo watu hukwama kaunta mwezi Januari, na inauma kumwona mzee akirudi nyumbani bila dawa ya moyo. Ukikwama, omba ujazo wa mpito, yaani dawa hiyohiyo kwa muda wa mwezi mmoja. Mpango mpya unapaswa kuutoa ndani ya siku 90 za kwanza. Wakati huohuo daktari aandike maombi ya kuruhusiwa dawa hiyo kwa upekee. Jibu hutakiwa ndani ya saa 72 tangu maelezo ya daktari yafike, au 24 akieleza kuwa kusubiri kutakudhuru.

Dirisha la kubadili ni Oktoba 15 hadi Desemba 7. Barua ya mabadiliko ya mwaka hufika Septemba, na ni lazima kuisoma hata kama unaridhika, maana dawa huweza kuondolewa au kupandishwa daraja.

Mwenye bima ya mwajiri wa zamani aulize kwanza ofisi ya mafao, kwani kujiunga na Sehemu ya D huweza kuifuta bima hiyo, wakati mwingine pamoja na ya mwenzi wake. Atunze pia barua inayothibitisha kwamba bima hiyo inatosha. Bila uthibitisho huo, kukaa siku 63 mfululizo bila bima ya dawa huleta adhabu ya asilimia 1 ya dola 38.99 (mchango wa msingi wa taifa mwaka 2026) kwa kila mwezi uliokaa bila bima. Miezi 20 ni kama dola 7.80, na unazilipa kila mwezi muda wote utakaokuwa na Sehemu ya D.

Mwenye kipato kidogo aombe Extra Help, msaada wa serikali wa kulipia dawa, kupitia Social Security, ofisi ya serikali ya mafao ya uzeeni. Akipewa msaada kamili, mwaka 2026 dawa jeneriki haizidi dola 5.10 na ya jina la kampuni 12.65. Asiyestahili, lakini dawa zake ni ghali, aombe mpango wake umgawie malipo kwa miezi. Hakuna riba. Aombe kabla ya Januari, kwa sababu ukianza Oktoba imebaki miezi mitatu tu ya kugawia deni.