Jinsi nilivyopima pamafrosti inayotitia (usiamini fimbo peke yake)

Bado nina hasira na ushauri niliopewa nilipoanza kupima pamafrosti, yaani ardhi inayobaki imeganda mwaka hadi mwaka, kaskazini mwa Alaska, upande wa North Slope. Niliambiwa kazi nyepesi tu, mwisho wa kiangazi chukua fimbo ya chuma, isukume ardhini mpaka igote kwenye iliyoganda, soma sentimita, linganisha na mwaka jana, basi. Fimbo yenyewe sina ugomvi nayo, mradi wa CALM, wa kimataifa wa kupima tabaka la juu linaloyeyuka kila kiangazi, unaitumia tangu 1991, gridi yao ya kawaida ina pointi 121, na ukishazoea unatofautisha jiwe na barafu kwa mlio tu.

Sasa fimbo ikasoma karibu ileile ya mwaka uliopita, sentimita 45 hivi, nikaambiwa safi, hakuna kilichoyeyuka. Nikakataa, maana kwa macho yangu naona madimbwi mapya juu ya kabari za barafu, yaani barafu nene iliyozama ardhini kwa umbo la kabari! Udongo wa kule unabeba barafu nyingi kuliko nafasi zilizomo kati ya chembe zake, kwa hiyo ikiyeyuka maji yanaondoka na ardhi inatitia. Fimbo inapima kuanzia juu ya ardhi, na hapo juu penyewe pameshuka, sasa itaona nini? Na si jambo dogo hili, pamafrosti ya kaskazini imeshika kaboni kama tani bilioni 1,500, karibu mara mbili ya iliyoko hewani.

Kwa hiyo nilitaka alama isiyosogea. Ushauri wa pili: piga nondo mpaka igome, hiyo ndiyo alama yako. Zikapigwa. Kiangazi kilichofuata nondo zimechomoza vizuri, watu wakafurahi, oneni ardhi ilivyoshuka! Mimi nikazipima moja moja na leveli, kile kifaa cha kulinganisha vimo, nikakuta mbili zilizo jirani kabisa zimepishana vibaya, na ardhi kati yao ni tambarare. Ardhi haiwezi kushuka hivyo. Nondo ndizo zilizopanda. Baridi ikianza, tabaka la juu linaganda kwanza, linaishika nondo, na kadiri linavyovimba linaivuta juu, kiangazi udongo unarudi chini lakini tope limeshajaza nafasi chini ya nondo, hairudi. Kila mwaka inang'olewa kidogo kidogo kama jino bovu. Data ya mwaka mzima ikatupwa.

Basi nikafanya ninavyojua. Tulienda mwisho wa majira ya baridi, ardhi yote imeganda kwa hiyo shimo halijai maji, tukachimba na kekee ya mkono ya injini kupita mita 2. Hapo usiwe na haraka: toboa kidogo, vuta juu, safisha unga wa barafu, rudia, ukilazimisha unga unayeyuka kwa joto la kekee halafu unagandia palepale na kekee inabaki humo. Tukashusha bomba lenye sahani ya chuma iliyochomelewa chini, tukamimina mchanga na maji, yakaganda, bomba likashikwa na pamafrosti yenyewe. Utamu uko juu: kwenye ile sehemu ya ardhi inayoganda na kuyeyuka kila mwaka nililivalisha bomba letu bomba jingine pana zaidi, katikati yake grisi tupu. Baridi ikitaka kuvuta inavuta lile la nje, la ndani halina habari. Gharama ni grisi, mabomba na fundi wa kuchomelea, dola mia na kitu kwa moja, labda zaidi kidogo.

Kiangazi kilichofuata fimbo ikasoma tena 45. Bomba likaonyesha ardhi imetitia 6! Yaani sehemu ya juu ya pamafrosti imeshuka sentimita 6 na fimbo haikuona hata moja. Nilipiga kelele peke yangu pale porini.

Ukienda kusoma bomba beba ubao wa kusimamia, maana yale majani laini ya juu yanabonyea chini ya mguu, na urudie kupima palepale kila mwaka, weka alama kwenye bomba.