Chumvi ya bata mzinga si chumvi ya papa

Aliyekulia visiwani anaijua kazi ya chumvi kwa papa na ng'onda: inatoa maji. Papa anapasuliwa, anashindiliwa chumvi, anaanikwa juani, na baada ya siku kadhaa ukimgonga mezani analia. Ndiyo maana wapishi wengi wanashtuka wakiambiwa bata mzinga atiwe chumvi tangu jana ili asikauke ndani ya oveni. Chumvi ni ile ile, lakini kiasi na muda vinatofautiana, na hapo ndipo bata wengi wa Idi na wa harusi wanapoharibika.

Mnofu wa kidari ni nyuzi nyembamba zilizojaa maji, na mafuta yake ni machache mno. Ukipata moto, nyuzi zinajikunja na kujikamua kama tambara la kufutia. Chumvi ya kiasi inazilegeza protini za nyuzi hizo, zinavimba kidogo na kuyashika maji, na zikifikiwa na moto hazijikamui kwa nguvu ile. Chumvi ikizidi sana, kama anayotiwa papa, protini hizo hizo zinabana na kuyasukuma maji nje.

Mpake bata chumvi kavu kisha umtazame. Ndani ya nusu saa ya kwanza ngozi inatoa jasho, matone madogo yanajitokeza na chumvi inayeyukia humo. Saa mbili tatu zinazofuata sinia linakuwa na maji yenye wekundu hafifu, na nyama ukiigusa inateleza. Huu ndio wakati mbaya kuliko wote wa kumtia motoni, maana maji yameshatoka na bado hayajarudi. Baada ya hapo nyama inaanza kuyanyonya yale maji ya chumvi polepole. Asubuhi ya pili sinia limekauka karibu lote, ngozi inanata kidogo kidoleni, na imekuwa angavu kiasi cha kuonyesha mnofu ulio chini yake. Kwa hiyo mtie chumvi siku moja hadi mbili kabla, au kama umechelewa mtie dakika ile ile unayombandika. Usimtie saa mbili kabla.

Kipimo ni gramu 10 za chumvi laini kwa kila kilo ya bata, mifupa ikiwemo. Bata wa kilo 5 anachukua gramu 50, ambazo ni kama vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa juu kwa kisu, visiwe vya kilima. Chumvi ya dukani yenye madini joto inafaa bila ya tatizo lolote. Ukiwa na chumvi ya mawe, itwange kwanza kisha uipime kwa mizani, kwa sababu kijiko cha punje kubwa kina chumvi kidogo kuliko kijiko cha unga wake, na ukipima kwa kijiko leo hii na kesho ile hutopata ladha moja mara mbili. Mizani ndogo ya jikoni, ya kupimia unga wa keki, inatosha kabisa.

Kabla ya chumvi, mkaushe kwa kitambaa safi au tishu, nje na ndani, mpaka kitambaa kisitoke na maji. Ingiza vidole kutoka upande wa shingo, kati ya ngozi na kidari, usukume taratibu mpaka ngozi iachie pande zote mbili. Kucha ziwe fupi; ngozi ikichanika hapo, mafuta yatatoka na kidari kitaungua mahali penye tundu. Nusu ya chumvi iende chini ya ngozi ya kidari, ndiko kwenye nyama nene kuliko zote. Robo iende kwenye mapaja, iliyobaki igawe baina ya ndani ya tumbo na mgongo. Mabawa yanahitaji kidogo tu, nyama yake ni chache na hukolea haraka. Mlaze juu ya sinia ndani ya friji, kidari juu, bila ya kumfunika. Hewa baridi ya friji inaikausha ngozi, na ngozi kavu ndiyo inayogeuka rangi ya dhahabu na kuvunjika mdomoni. Yenye maji inapikwa kwa mvuke na kubaki laini kama mpira. Kwa vile hafunikwi, mweke rafu ya chini kabisa ili asidondoshee vyakula vingine.

Friji nyingi za nyumbani hazimpati bata mzima. Mpasue mgongo kwa kisu kikali au mkasi wa kuku, utoe uti, umlaze wazi na kumbonyeza kidari mpaka kivunjike. Atakaa kwenye rafu moja, na motoni ataiva sawasawa zaidi kuliko bata aliyekaa kama mpira. Uti usiutupe, utauhitaji kwenye supu.

Njia ya pili ni kumroweka ndani ya maji ya chumvi, gramu 50 kwa kila lita ya maji. Bata wa kilo 5 ndani ya ndoo ya lita 20 anahitaji lita 6 au 7 ili azame, yaani gramu 300 hadi 350. Chumvi iyeyushe kwenye lita moja ya maji ya moto, yaache yapoe kabisa, kisha uongeze maji baridi. Ukionja, yawe makali kuliko maji ya bahari, ambayo yana gramu 35 hivi kwa lita. Saa 12 zinatosha, na zikipita 24 nyama inaanza kuwa na mguso wa soseji. Sufuria ya alumini haifai hapa: chumvi inaila, inaacha madoa meusi na ladha ya chuma. Tumia ndoo ya plastiki ya kuwekea chakula au chombo cha stenlesi. Maji yake ukishamtoa bata yamwage, hayatumiki mara ya pili wala hayaongezwi mchuzini.

Kwa nini basi njia kavu inapendekezwa hapa? Maji ya chumvi yanamfanya bata awe na majimaji kweli, lakini sehemu ya majimaji hayo ni ya bomba, na kidari kinakuwa na ladha iliyozimuka. Isitoshe, ngozi imelowa na itabidi aanikwe tena friji nusu siku. Kuroweka kunafaa zaidi kwa vipande: kidari kilichotolewa mfupa ukiloweke saa 4 hadi 6 tu, ukitoe na kukikausha, kinatoka vizuri hata kikichomwa juu ya makaa.

Joto la hapa nalo lina neno lake. Bata mbichi asikae juu ya nyuzi joto 5 za Selsiasi kwa saa nyingi, na msimu wa kaskazi jiko letu linafika nyuzi 30 bila ya kuwasha kitu. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa friji. Ikiwa imefungwa muda wote inaushika ubaridi kama saa 4. Kama unamroweka ndani ya deli la kutunzia ubaridi, gandisha maji kwenye chupa za plastiki zilizofungwa vizuri, uzitie humo na kuzibadilisha zikiyeyuka. Barafu ya kumwaga usiitie, inayeyuka na kuyazimua maji yako, na hapo kipimo chote kimepotea.

Bata aliyegandishwa kutoka nje umsome karatasi yake kwanza. Wengi wameshadungwa maji ya chumvi kiwandani, na karatasi inataja chumvi au asilimia ya maji yaliyoongezwa. Huyo usimtie chumvi tena. Mkaushe tu ngozi friji usiku mmoja. Kumyeyusha ni kazi ya friji pia, siku moja kwa kila kilo 2 hadi 2.5, kwa hiyo asiyedungwa wa kilo 5 aingie friji siku tatu hadi nne kabla ili na chumvi ipate siku yake. Kumwacha mezani usiku kucha ni kukaribisha ugonjwa: nje ameshapata joto, ndani bado jiwe.

Bata wa kienyeji, wa kuchinja mwenyewe, ana mambo yake. Maji ya kumnyonyolea yawe kiasi cha nyuzi 60, yanatoa mvuke lakini hayajachemka, la sivyo ngozi inaiva na kuchanika manyoya yakivutwa. Achinjwe siku moja kabla ya kupikwa, kwa sababu misuli inakakamaa baada ya kuchinjwa na inahitaji saa kadhaa kulegea. Aliyechinjwa asubuhi akaliwa mchana anatafunwa kwa taabu, na lawama anabebeshwa mpishi. Na dume lililokaa miaka shamba usilitegemee kwa oveni. Chumvi inashika maji, haivunji mishipa ya uzee. Hilo lichemshwe moto mdogo saa tatu, lifanyiwe pilau.

Viungo vipake kwa nia ya ngozi na harufu. Pilipili manga, uzile (bizari nyembamba), mdalasini na karafuu mbili tatu zilizosagwa haziingii ndani ya mnofu hata ukimwacha siku tatu. Kinachoingia ni chumvi. Thomu mbichi juu ya ngozi inaungua na kuwa chungu, itie chini ya ngozi. Ndimu ya usiku kucha inaipika nyama ya juu na kuifanya kama chaki, kwa hiyo kamulia nusu saa kabla ya moto au mezani. Papai bichi lisikaribie kidari kabisa: linafaa kwa nyama ngumu ya ng'ombe kwa muda mfupi, lakini kwa ndege, ukilala nalo unaamka na uji. Vidonge vya supu vya dukani, na baadhi ya michanganyiko ya bizari ya pakiti, vimejaa chumvi. Ukivitumia, punguza yako.

Siku ya kupika, usimwoshe tena. Mtoe friji nusu saa kabla, mpake siagi au mafuta, umtie oveni ya nyuzi 165 hadi 170. Mzima wa kilo 5 anachukua takriban saa 2 na dakika 45 hadi saa 3, aliyepasuliwa mgongo anawahi. Kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama ndicho kinachoamua, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na bata. Kichome pale kidari kinaponenepa bila ya kugusa mfupa. Kikionyesha nyuzi 71, mtoe. Akipumzika dakika 25 atapanda mwenyewe mpaka 74. Paja liwe 80, kwani lina mishipa inayohitaji moto zaidi. Kidari kikifika 85, hakuna chumvi itakayokiokoa.

Asipopumzika, maji yote uliyoyahifadhi yanaishia kwenye ubao wa kukatia. Kidari ukitoe kizima kwenye mfupa, kisha ukikate kukingama na nyuzi, vipande vya unene wa kidole. Maji yaliyobaki kwenye trei yaonje kabla ya kuyageuza mchuzi, yana chumvi tayari. Yaongeze maji au tui jepesi, usiongeze chumvi. Mifupa, ule uti na firigisi vichemshe bila ya kutia hata punje, na mchele wa pilau ukiupika kwa supu hiyo, onja kwanza.